Kifaranga ni faranga, lakini sumu tuiache

Wadogo zangu, wakubwa zangu, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimya kimya bila kuacha hata alama ya kidole gumba: wiki hii nzima grupu yetu imewaka moto juu ya ndege mmoja. Mwewe. Wanyarwanda wanamwita sakabaka. Swali lililoulizwa ni fupi. Vifaranga vya mradi vinaisha hapa Kanombe, je, tuweke nyama yenye dawa ya panya juu ya paa, huyo ndege afe, tupumzike? Wengi waliandika ndiyo. Wachache wakaandika eti ndege naye ni kiumbe cha Mungu, wakachekwa.

Mimi nasema hapana, na sisemi juu ya huruma. Huruma yangu ya kwanza iko kwa mama aliyepoteza vifaranga vyake. Nasema hapana kwa sababu sumu itatugharimu zaidi ya kuku, na kwa sababu kuna watu waliopaswa kutununulia wavu na hawakununua. Tukimuua mwewe, hao watu watakuwa wametoka salama bila hata kuulizwa.

Kwanza tusidanganyane, hasara ni ya kweli. Kwa mtu wa mshahara, kifaranga kilichopaa angani ni hadithi ya kuchekesha watoto. Kwetu sisi kifaranga ni faranga. Kinakua, kinakuwa tetea, tetea anataga, mayai yanapelekwa kwa butiki ya jirani, pesa inakuwa daftari, sabuni, unite za simu. Kuku wakiwa sita ao saba wanaweza kukuokoa mwezi ule mwenye nyumba anapogonga mlango mara mbili. Mkimbizi anayekaa mjini anategemewa ajitegemee, ndiyo maana alitoka kambini ao hakuingia kabisa. Na hata makambini hali si ile. Mnakumbuka mwaka 2021, WFP ilipopunguza msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Rwanda kwa asilimia 60 kwa kukosa pesa. Tangu pale kila familia imejua kwamba kuku wako ni wako, lakini msaada ni wa mwenye nao. Kwa hiyo mtu akiniambia "ni kifaranga tu", namuona kama hajawahi kuhesabu.

Sasa tumtazame mshitakiwa mwenyewe.

Kanombe ni mahali pa ndege za aina mbili. Ndege za chuma zinatua kwa ruhusa, zina saa zao na barabara yao. Ndege wa manyoya hawaombi ruhusa kwa mtu. Huyu mwewe wetu, yule mwenye rangi ya kahawia, mdomo wa njano na mkia uliochanika katikati kama wa samaki, ni ndege wa watu. Anatufuata. Anakula mabaki ya jikoni, matumbo ya samaki, panya aliyekanyagwa na gari, kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua. Atanyakua sambusa mkononi mwa mtoto wa shule na kuila hewani, bila haraka. Tunapomwaga uchafu nyuma ya parsele, tunapoacha utumbo wa kuku ao mifupa nje, tumempigia kengele ya chakula. Kisha anakuta na vifaranga 15 vinatembea peupe, mama yao amefungwa kamba mguuni. Wewe ungekuwa mwewe ungefanya nini?

Lakini uwezo wake una mpaka. Mwewe mwenyewe kwa kawaida hafiki kilo moja. Hawezi kupaa na kuku mkubwa hata akitaka. Hatari yake ni kwa vifaranga vya wiki sita ao nane za kwanza, basi. Baada ya hapo kuku anajua kukimbia na ameshakuwa mzito. Hilo ni jambo kubwa, maana hatutafuti ulinzi wa mwaka mzima. Tunatafuta paa la miezi miwili.

Tena si kila ndege mwenye makucha ni mwewe. Mnamjua yule mnene anayekaa peke yake juu ya nguzo ya umeme, tumbo jeupe, mkia mwekundu kama udongo wa hapa? Huyo kazi yake kubwa ni panya, fuko na nyoka. Huko milimani kwetu anapigwa mawe kwa makosa ya ndugu yake, wakati yeye ndiye anayelinda viazi visiliwe na fuko. Na bundi ndiyo balaa kabisa, anauawa juu ya uchawi. Bundi anakula panya usiku kucha bila mshahara, sisi tunaenda sokoni kununua dawa ya panya.

Na kuna muuaji mwingine ambaye hakutajwa hata mara moja kwenye grupu. Kideri. Kikiingia kwenye banda kinaweza kulimaliza karibu lote ndani ya siku chache, na hakiachi unyoya hewani wa kukufanya upige kelele. Tulipokaa na mama wawili wa mradi tukakumbuka pamoja kuku mmoja mmoja alikwenda wapi, waliokufa kwa ugonjwa walikuwa wengi kuliko waliobebwa na mwewe. Wengine walibebwa na paka, wengine waliliwa na panya wakubwa usiku. Mwewe anabeba mchana, mbele ya macho ya watu, na mtoto analia. Ndiyo maana kesi yote inaandikwa kwa jina lake.

Sasa sumu. Nataka nikae hapa kidogo.

Sumu haisomi jina la mtu. Unaweka kipande cha nyama juu ya bati kwa ajili ya mwewe. Mwewe anakichukua, anakula nusu, nusu inaanguka kwenye ua wa jirani. Mbwa wa jirani anaokota. Ao kuku wako mwenyewe anadonoa. Ao mtoto wa miaka miwili, na sisi hapa watoto wa miaka miwili wanaokota kila kitu. Dawa ya panya nyingi zinafanya damu isigande, na mnyama hafi pale pale, anatembea siku kadhaa akiwa na sumu tumboni. Bundi akimla panya huyo mgonjwa, naye anakwenda. Ukizika maiti moja, nyingine iko wapi hujui.

Wengi wetu tumetoka Masisi, Rutshuru, Minembwe, familia za ng'ombe. Habari hii ya sumu si ngeni kwetu, ila kule shabaha yake ni simba na fisi. Simba akiua ng'ombe, mchungaji anarudi kwenye mzoga na kuumwagia dawa. Simba akirudi kula, anakufa. Lakini kabla simba hajarudi, tumbusi wameshaona. Ng'ambo tu ya Rutshuru, upande wa Uganda kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth, mwaka 2018 walikufa simba 11 namna hiyo, watoto 8 ndani yao. Machi 2021, sehemu ya Ishasha katika hifadhi hiyo hiyo, wakaokotwa simba 6 wamekufa na pembeni yao tumbusi 8. Botswana mwaka 2019 mizoga mitatu tu ya tembo iliyowekwa sumu iliua tumbusi zaidi ya 500. Tumbusi anakula kwa ujamaa: mmoja akiona anashuka, wengine wanamwona anashuka, wanakuja toka mbali. Ukiweka sumu kwa mmoja umeweka kwa ukoo wote.

Matokeo yake yameandikwa. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa kwenye ngazi ya mwisho ya hatari ya kutoweka, ile inayokuja kabla ya kusema "hawapo tena porini". Januari 2024 jarida la Nature Ecology & Evolution likatoa utafiti juu ya aina 42 za ndege wawindaji wa bara letu, na asilimia 88 ya aina hizo zilikuwa zimepungua. Mtu atasema, wakipungua mimi napoteza nini? Waulize Wahindi. Miaka ya 1990 wafugaji wa India walianza kuwapa ng'ombe dawa ya maumivu inayoitwa diklofenaki. Ng'ombe akifa na dawa mwilini, tumbusi aliyemla anakufa kwa figo. Walikufa kwa mamilioni, mpaka serikali ikaikataza dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Katika miaka hiyo mizoga ikabaki inaoza, mbwa wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikapata nafasi. Kumbe yule ndege mwenye shingo isiyo na nywele alikuwa anafanya kazi ya afya ya jamii. (Kinyarwanda kina jambo linalonifurahisha: inkongoro ni chombo cha maziwa, na inkongoro ni huyo huyo tumbusi. Sijui nani aliwaweka pamoja, lakini mfugaji aliwahitaji wote wawili.)

Hapa Rwanda kuna hadithi ambayo sisi wakimbizi tungepaswa kuijua kuliko watu wengine. Hifadhi ya Akagera ilianzishwa mwaka 1934, ikiwa na zaidi ya kilomita za mraba 2,500. Baada ya 1994 wakarudi watu waliokuwa wamekimbia tangu 1959, wengine wamezeeka ukimbizini Uganda na Tanzania, na wakarudi na ng'ombe wao. Hapakuwa na ardhi. Wakaingia hifadhini. Mwaka 1997 serikali ikakata hifadhi, ikabaki chini ya nusu ili watu wapate pa kukaa. Simba walikula ng'ombe, watu wakawawinda na kuwawekea sumu, na baada ya miaka michache Akagera haikuwa na simba hata mmoja.

Siwalaumu. Mtu aliyekaa ukimbizini miaka 35, ng'ombe wake ndiyo nchi aliyorudi nayo. Ningekuwa pale labda ningefanya hivyo hivyo. Ninachotaka muone ni namna lilivyotatuliwa. Mwaka 2013 ulimalizika uzio wa umeme wa kilomita 120 upande wa magharibi wa hifadhi. Simba saba wakaletwa toka Afrika Kusini mwaka 2015. Angalieni mpango huo: uzio kwanza, simba baadaye. Hakuna aliyemwambia mfugaji "mpende simba" halafu akaondoka na gari.

Kuhusu sheria, nitasema kwa ufupi lakini msikilize vizuri. Rwanda ina sheria ya viumbe hai, namba 064/2021 ya tarehe 14 Oktoba 2021. Wanyama wa porini hawawi wa mtu kwa sababu tu wametua kwenye bati lake, na kuwaua bila ruhusa si haki ya mwenye kuku. Kwa wanyama wanaolindwa walio hatarini kutoweka, kifungo ni cha miaka, si cha siku. Mwewe wa kawaida hayuko hatarini kutoweka, wako tele. Ndiyo, najua mtaniletea hoja hiyo. Lakini sumu yako haitamuuliza anayekula kama yumo kwenye orodha ao hayumo. Hapa jirani kabisa kuna bonde la Nyandungu, serikali imelirudishia maji na miti, ndege wa kila aina wamerudi. Nyama ya sumu ya Kanombe inaweza kuliwa na ndege anayelala Nyandungu. Kuna pia mkataba wa CITES, ambao Rwanda, Kongo na Burundi zote zimo: mwewe, tai, kipanga na bundi wote wamewekwa kwenye orodha zake, kwa hiyo hata yule anayefikiria kumkamata mmoja na kumvusha mpaka akauze, afikirie mara ya pili.

Na kwetu kuna kitu cha juu zaidi. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, kila mtu anatufundisha haki zilizomo. Kifungu cha 2 kinasema mkimbizi ana wajibu kwa nchi aliyomo, na wa kwanza ni kutii sheria zake. Mwenyeji akiweka sumu, atasemwa ni mtu fulani wa mudugudu fulani. Sisi tukiweka, itasemwa "wakimbizi". Jina hilo moja tunalivaa watu wengi.

Lakini hapo hapo ndipo ninapogombana na wenye sheria.

Sheria nyingi za ndege wawindaji duniani zimeandikwa na watu wasiofuga kuku. Zinamlinda ndege, na ni vizuri, halafu zinaacha bili mezani kwa mtu maskini kuliko wote. Tazama Kenya. Sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina orodha ya wanyama ambao wakila mifugo yako unaweza kudai fidia: simba, chui, fisi, duma, mbwa mwitu na wengine. Tai hayumo. Kuna tai mkubwa wa savana anayeweza kubeba mwanambuzi, naye tangu 2020 ametajwa kuwa hatarini. Mfugaji wa Samburu akipoteza mwanambuzi kwa fisi ana fomu ya kujaza, akimpoteza kwa tai ana hadithi ya kusimulia. Hapa Rwanda tuko na mfuko wa SGF, ule unaolipa watu waliogongwa na magari yaliyokimbia, na unalipa pia hasara ya wanyama wanaotoka kwenye hifadhi. Ni jambo zuri sana, nchi nyingi hazina. Lakini nenda na manyoya ya kifaranga mkononi useme sakabaka wa Kanombe amekula, uone kama watakuandikia.

Sisemi serikali ilipe kila kifaranga. Hakuna ofisi itakayoweza kazi hiyo, na ninatujua, tungeanza kuwahesabu mpaka wale waliokufa kwa kideri. Ninachosema ni kwamba ulinzi wa ndege una bei, na bei hiyo inaweza kulipwa mapema kwa njia ya banda. Uskoti walirudisha tai wa baharini kuanzia 1975, baada ya kuwamaliza kabisa kwa bunduki na sumu. Tai wakaongezeka, wafugaji wakalalamika juu ya wanakondoo. Sheria ikabaki kali, lakini serikali ikaweka mpango wa kumsaidia mfugaji kulinda kundi lake. Wale ni watu wenye mashamba na trekta, na bado walionekana wanahitaji kusaidiwa. Sisi wenye kuku watano tunaambiwa tuwe na subira.

Na hapa hapa Rwanda kuna mfano bora, ingawa si wa ndege mwenye makucha. Umusambi, yule korongo mwenye taji la dhahabu. Zamani kidogo kila hoteli na kila nyumba ya mtu mkubwa ilikuwa na misambi wawili bustanini, wamekatwa mabawa kwa ajili ya urembo. Sheria ilikuwepo, ilikataza. Hakuna kilichobadilika. Kuanzia 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake wakaja na njia nyingine: mrudishe, hutashitakiwa. Wakatangaza redioni, wakaandikisha ndege, wakawachukua. Zaidi ya 200 walitolewa majumbani. Wanaoweza kuruka walipelekwa Akagera, na waliovunjika mabawa wakapewa makao yao hapa Kigali, kijiji kinachoitwa Umusambi. Hesabu ya nchi nzima mwaka 2017 ilipata misambi 487, na miaka michache baadaye ikapita 1,000. Sheria ilipata meno pale mtu alipopewa mlango wa kutokea. Mlango wetu sisi ni wavu.

Sasa nyinyi wa mashirika, nisikilizeni kwa upole, sitaji mtu.

Nimeona mradi mmoja wa kuku kwa macho yangu. Bajeti yake ilikuwa na mafunzo ya siku tatu, chai ya saa nne, fulana zenye nembo, bango kubwa, na mpiga picha. Tukafundishwa ujasiriamali. Tukafundishwa kuandika mpango wa biashara, mpaka na soko la Dubai likatajwa, sijui kwa nini. Halafu tukagawiwa vifaranga ndani ya maboksi, kila mmoja 15, tukapigwa picha tunacheka. Hapakuwa na mita moja ya wavu, wala tone la chanjo ya kideri, chanjo ambayo inawekwa jichoni kwa tone moja na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu ao minne. Hakuna aliyeuliza mama fulani anapanga chumba kimoja, ua ni wa kushirikiana na wapangaji wengine, hivi vifaranga vitalala wapi. Mwezi wa tatu akaja mtu na karatasi ya kuhesabu. Vimebaki vingapi? Viwili. Akaandika kwenye karatasi yake: "walengwa hawakufuata mafunzo".

Hiyo ndiyo hasira yangu, na ni kubwa kuliko ile ya mwewe. Mwewe hakuwahi kuniahidi kitu.

Ombi letu si gumu. Mradi wowote wa kuku wenye fedha ya wafadhili uanze na banda, kisha chanjo, kisha vifaranga. Pesa ikiwa haitoshi, punguzeni vifaranga, msipunguze wavu. Vifaranga sita chini ya paa ni bora kuliko 15 chini ya anga. Na kwenye karatasi ya kuhesabu ongezeni mstari mmoja: amekufa kwa nini? Mkiandika "wanyama" bila kutenganisha mwewe, paka, panya na kideri, mwaka ujao mtarudia makosa yale yale kwa lugha mpya.

Na sisi wenyewe tusikae tunasubiri barua ya wafadhili. Kuna vitu ambavyo mama zetu walikuwa wanavijua kabla ya neno "mradi". Tenga kubwa la mianzi: unamfunika mama na vifaranga vyake saa za mchana, unalisogeza kwenye kivuli na majani. Marakuja: panda miche miwili, jenga kichanja cha miti, ndani ya miezi kadhaa una paa la kijani, mwewe haoni chini, na matunda unauza. Mihogo na migomba nayo inasaidia, kifaranga kinapata pa kukimbilia. Shitingi iliyochakaa, ile ambayo haizuii tena mvua, bado inazuia macho ya mwewe. Wengine wanapaka vifaranga rangi ya zambarau eti mwewe asivitambue. Nimeona inasaidia siku za kwanza, lakini mwewe si mjinga, akionja mmoja wa zambarau amejua. Kamba zenye sidii za zamani zinazong'aa ni hivyo hivyo: hamishahamisha, la sivyo atazizoea. Na uchafu wa jikoni tuufunike. Ukikaa karibu na uwanja wa ndege hilo si la kuku peke yake, maana ndege wanaozunguka jalala wanaweza kukutana na injini ya ndege inayotua, na hapo hatuzungumzi tena juu ya kifaranga.

Kuna mzee mmoja wa Masisi aliniambia nikimsomea maandishi haya kwamba nimesahau mbwa. Anasema kwao mbwa akilelewa na kuku tangu mdogo, hubweka akiona kivuli cha mwewe kinapita chini. Naweka hapa kwa heshima yake. Mwenye nyumba wangu hataki mbwa.

Kwa wale wa Kanombe: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukishamaliza umuganda, tunajenga banda la kwanza kwa yule mama aliyebaki na vifaranga viwili. Miti imepatikana. Wavu tumechanga, umebaki mita nne, na kijana mmoja wa shirika ameahidi kuzitoa mfukoni mwake, simtaji asije akaulizwa kazini. Mwenye koleo la kukatia waya aje nalo. Ile dawa ya panya iliyonunuliwa tayari, aliyeinunua airudishe dukani ikiwa bado imefungwa.